Joto Lililopotea Katikati ya Matofali Mawili

Siku niliyoingia chumba cha vipimo kwa mara ya kwanza, niliambiwa nivue viatu mlangoni. Nilikuwa nimepakia na kupakua matofali miaka mitatu katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo, na hakuna mtu aliyewahi kujali viatu vyangu. Nikavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kimechomoza nje. Yule mama aliyeniita akakitazama kidole, akanitazama usoni, akasema, "Karibu, Bwana Wafula. Kaa hapo, na usiguse chochote mpaka nikwambie."

Nikakaa. Sikugusa. Kwa hesabu yangu hiyo ndiyo siku niliyoanza kazi. Ile miaka mitatu ya kubeba ilikuwa jasho tu.

Ninyi vijana mna simu inayowaambia joto la leo na la kesho. Mimi nataka niwaeleze jinsi tulivyokuwa tukijua mwenendo wa joto ndani ya kitu kigumu, mahali ambapo jicho haliwezi kuchungulia. Kazi hiyo niliifanya mpaka nikawa na mvi. Shule niliishia darasa la nne pale Kaloleni, baba yangu akiwa mtu wa reli mwenye watoto wengi na mshahara mmoja. Sioni haya kuyasema. Wenye digrii wamekuja kwenye kile chumba wakijua majina yote ya vitu, na mimi ndiye niliyewaonyesha waya unawekwa wapi.

Kwanza mjue tulichokuwa tukitengeneza. Lilikuwa tofali la tanuri, lile jepesi la kuzuia joto. Udongo unachanganywa na vumbi la mbao, unafinyangwa, unakaushwa, halafu unachomwa. Kwenye moto vumbi la mbao linateketea na kuacha vitundu vidogo sana vilivyojaa hewa. Tofali likitoka unaliinua kwa vidole viwili kama mkate. Hivyo vitundu ndivyo vinavyolizuia joto lisipite, na mwenye tanuri la mikate akijengea tofali hilo, moto wake unabaki kwenye mikate badala ya kuwapikia majirani ukutani.

Aliyeniingiza kiwandani ni Fundi Odera, mchomaji mkuu. Nyumba yao na yetu pale Kaloleni zilitazamana mlango kwa mlango. Kazi yake ilikuwa kuchungulia kwenye kitundu cha tanuri na kusoma rangi ya moto. Hakutumia mita. Alikunja jicho moja, kisha akasema, "Bado," au akasema, "Funga." Kundi zima la matofali, mamia kwa mamia, lilitegemea hilo jicho moja. Nilimwogopa na nikampenda. Kila asubuhi alinisalimu vilevile: "Wafula, umelala au umezimia?"

Basi nilipokuwa mbebaji, nilikuwa na tabia ya kuegemea ukuta wa tanuri namba mbili wakati wa mapumziko. Siku moja nikamwambia Meneja wa Uzalishaji kwamba ule ukuta umeharibika ndani. Akaniuliza nimeingia ndani lini. Nikamwambia sihitaji kuingia. Zamani moto ukiwashwa, ukuta wa nje ulianza kunichoma mgongo tukiwa tumeshamaliza chai ya saa nne. Sasa unanichoma chai haijamiminwa. Meneja alicheka mpaka kalamu ikamdondoka sikioni. Alikuwa mtu mwembamba ambaye hakuweka kalamu mahali pengine popote.

Nyuma yake alikuwa amesimama Mkuu wa Vipimo, Bi Rukia, ambaye alikuwa ameajiriwa mwezi ule. Mwenyeji wa mtaa wa Majengo, watu wao walitoka pwani zamani, mtandio umefungwa vizuri, na Kiswahili chake kilitufanya sote tuonekane tunatafuna mawe. Yeye hakucheka. Aliamuru tanuri lipoe, wakaingia na tochi. Matofali ya ndani yalikuwa yamepasuka, ufa unaingiza kidole.

Kesho yake ndiyo nikaitwa, nikavua viatu. Maneno aliyoniambia baada ya kunikalisha nayakumbuka kama jina langu. "Wewe hukupima ukuta una joto kiasi gani. Ulipima joto limechukua muda gani kufika. Wengi hawajui tofauti yake. Ukikaa hapa nitakufundisha kuupima muda huo kwa saa badala ya mgongo."

Chumba kilikuwa kidogo. Kulikuwa na meza ya saruji, mizani, kabati la kukaushia, mita ya sindano, na saa ya kushika mkononi yenye kitufe. Hiyo saa ndiyo kitu nilichokiheshimu kuliko vyote. Siku ya kwanza Bi Rukia alinipa kazi moja tu: niitazame sindano ya mita nusu saa bila kusema neno na bila kuondoa macho. Nilitazama mpaka macho yakatoka machozi. Akaja akaniuliza sindano ilitikisika mara ngapi. Nikamjibu mara mbili, mara ya pili lori lilipopita nje. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye nilijua aliandika, "Huyu anafaa."

Njia yenyewe ni hii, na nitaisema polepole. Unachukua matofali mawili ya kundi moja. Juu ya la chini unachora mfereji mwembamba katikati, toka mwisho hadi mwisho, na ndani yake unalaza waya. Mfereji unaujaza unga wa tofali lilelile ili hewa isibaki. Kisha unalibandika la juu, yanakumbatiana kama vipande viwili vya mkate na waya ndio nyama. Katikati ya waya pameunganishwa nyuzi mbili za metali tofauti. Zikipata joto pale zilipogusana zinatoa stima, yaani umeme, ndogo mno, na mita inaigeuza kuwa digrii. Unapitisha stima kwenye waya, kiasi kilekile bila kupanda wala kushuka, na hapohapo unabonyeza saa.

Sasa waya unapata moto. Joto linataka kutoka, na pa kwenda ni ndani ya tofali tu. Tofali likiwa na tabia ya kupitisha, joto linaondoka upesi na waya haupandi sana. Likikataa kupitisha, joto linarundikana kwenye waya, nao unapanda. Kwa hiyo hatukungoja tofali lote lipate moto mpaka joto litulie, jambo ambalo kwa tofali kama lile lingekula siku nzima. Tulilifumania joto likiwa bado safarini.

Bi Rukia alijua sikusoma hesabu za kina, akanipa njia yangu. Soma sekunde ya kumi, ya ishirini, ya arobaini, ya themanini, kila mara ukiuzidisha muda mara mbili. Kila muda unapozidishwa hivyo, joto la waya linapaswa kupanda hatua ileile. Likipanda digrii kumi kutoka arobaini kwenda themanini, lipande kumi tena kutoka themanini kwenda mia na sitini. Tofali letu zuri lilikuwa la hatua ya digrii kumi. Hatua ikiwa ndogo, tofali linavujisha joto, baya. Kwenye karatasi ya kuchorea, ile yenye mistari inayozidi kubanana upande mmoja, nukta za hatua sawa zinajipanga zenyewe kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Mara ya kwanza nilipoona hizo nukta zikijipanga, nilisimama. Nawaambia ukweli. Mtu wa darasa la nne, nimechora kwa penseli kitu kinachotokea ndani ya tofali, na kimenyooka kama reli.

Kulikuwa na tahadhari mbili. Mwanzoni kabisa mstari hupinda kidogo kwa sababu waya wenyewe unajipasha kwanza. Hizo namba za mwanzo unaziacha. Na mwishoni, joto likishafika ukingo wa nje wa tofali, linaanza kutokea hewani, hatua zinapungua, mstari unalegea, nazo unaziacha. Kwa tofali letu joto lilichukua zaidi ya dakika ishirini kufika ukingoni. Katikati ya mipindo hiyo miwili ndipo penye ukweli. Na juu ya yote kulikuwa na sharti la kukausha: tofali liingie kabatini, lipimwe uzito, lirudi, lipimwe tena, mpaka uzito usibadilike. Tofali lenye maji ni kitu kingine, hata kama kwa macho ni lilelile.

Nilifanya hivyo miaka, nikawa hodari. Nasema hodari kwa sababu nilikuwa. Mameneja walibadilika, Bi Rukia akabaki, na ikawa lori haliondoki mpaka mimi niweke namba na yeye aweke sahihi. Wabebaji wenzangu wa zamani wakaanza kuniita Daktari. Nilijifanya sipendi.

Sasa nifike kwenye wiki ile.

Ulikuwa msimu wa mvua, na tanuri namba mbili lilikuwa limezimwa lijengwe upya. Hilo ndilo tanuri ambalo tangu zamani wafanyakazi walipanga makopo ya chakula ukutani yapate moto. Likizimwa, watu wanakula githeri baridi, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na mtu anayekula githeri baridi mvua ikinyesha hana raha na yeyote. Mimi, Daktari, nikapata wazo. Kabati la kukaushia lilikuwa na nafasi chini. Tayari nilikuwa nimepima uzito asubuhi na kuandika kwamba matofali yamekauka. Nikapunguza joto la kabati ili chakula kisiungue, makopo sita yakaingia chini, matofali yakabaki juu, mlango ukafungwa. Saa saba watu wakala moto. Nilisifiwa kiwanda kizima. Bi Rukia saa hizo huwa ameenda kuswali na kula kwao, hivyo hakuona, nami sikumwambia.

Wiki hiyohiyo likaja kundi la arobaini na moja. Matofali hayo yalikuwa ya mteja aliyekuwa akijenga tanuri kubwa la mikate kule Tassia, na Fundi Odera ndiye aliyeyachoma kwenye tanuri namba moja, peke yake, siku mbili mfululizo. Mchana nikayapima. Hatua haikuwa kumi. Ilikuwa sita. Halafu ikawa nne, halafu tatu.

Nikarudia kesho yake kwa matofali mengine ya kundi lilelile. Sita, nne, tatu. Siku ya tatu, jibu lilelile. Hizo nne na tatu niliziacha nikisema joto limefika ukingoni, nikapiga rula kwenye zile sita, nikaandika kundi lote halifai.

Meneja wa wakati ule alikuwa na hasara mkononi na akataka mwenye kosa. Tofali linalovujisha hivyo, akasema, halikuchomwa vizuri. Vumbi la mbao halikuisha kuteketea, vitundu havikutokea. Nani alichoma? Odera. Ana umri gani? Jicho lake limechoka. Akaandika barua kwamba kufikia Ijumaa Fundi Odera ataondolewa kazini kwa uzembe, na mtu akiondolewa kwa barua ya namna hiyo hapati kitu, na hakuna tanuri lingine la Baba Dogo litakalompokea.

Odera alikuja mlangoni pa chumba changu Jumatano. Hakuingia kwa sababu hakutaka kuvua viatu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimepima mara tatu.

"Wafula, mimi niliona ile rangi. Nilikaa nayo mpaka ikafika."

"Fundi, mita haina undugu na mtu."

Akanitazama kwa lile jicho lake moja, lingine amelikunja, jinsi anavyotazama moto. "Sawa, Daktari," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuniita hivyo, na sikuipenda. Akaenda zake.

Nilijiambia nimefanya haki. Mtu aliyeniingiza kazini, jirani wa mlango kwa mlango, na bado sikumpendelea. Nilijiona mkubwa. Mke wangu aliponiuliza jioni kwa nini mke wa Odera amempita kwenye mfereji wa maji bila salamu, nilimwambia kazi ni kazi.

Alhamisi asubuhi Bi Rukia akaja na karatasi yangu ili aweke sahihi. Hakuweka. Akaiweka mezani, akaweka kidole kwenye zile namba za mwisho.

"Hapa mstari umelegea. Kwa nini?"

Nikamweleza kwamba joto limefika ukingoni.

"Dakika ya tano?"

"Ndiyo, Bi Rukia."

"Joto la tofali letu linatembea dakika ishirini na zaidi kufika ukingoni. Hili la kwako limepanda gari gani?"

Mimi sikuwa mtu wa kukubali upesi. Nikamjibu kwamba tofali likiwa baya, joto linatembea haraka, kwa hiyo litafika ukingoni mapema, na hiyo ndiyo dalili ya ubaya wenyewe. Lilikuwa jibu zuri. Hata leo nasema lilikuwa jibu zuri. Naye hakulidharau. Alifikiri, akasema, "Huenda. Basi tuuulize ukingo wenyewe."

Hapo ndipo nilipomwona mwalimu. Angeweza kuniambia nimekosea akafuta. Badala yake alichukua nyuzi nyingine mbili, akazibandika upande wa nje wa tofali la juu. Kama mimi ni mkweli, joto la nje lingeanza kupanda dakika ya tano. Aliniambia nitayarishe kila kitu kama nilivyofanya siku zile tatu, saa zilezile, bila kubadilisha hata kimoja, na kwamba leo hatoki mchana, ataswalia chumba cha pembeni.

Bila kubadilisha hata kimoja. Nilipima uzito asubuhi, sawa. Nikaogopa kidogo kuhusu makopo, lakini watu wameshazoea, na nikajiambia chakula hakihusiani na stima. Alipokuwa chumba cha pembeni nikayaingiza. Juu yake nikaweka sufuria yangu ya maharagwe, ile ambayo kifuniko chake hakishiki, nikaiongezea maji kidogo yasikauke, kama siku zote. Saa saba nikayatoa, nikafuta kabati, nikafungua dirisha. Saa nane tukaanza.

Yeye alishika saa, mimi nikatazama mita mbili. Kila alipotaja muda nilisoma ya ndani, kisha ya nje. Ya ndani ikapanda sita. Sita. Halafu dakika ya tano, nne. Ya nje? Imelala. Haijasogea hata nukta. Ya ndani ikapanda tatu. Ya nje imelala vilevile.

Bi Rukia alizima stima. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo nalisikia.

"Bwana Wafula, joto halijabaki kwenye waya. Nje halijatoka. Sasa limeenda wapi?"

Joto halipotei, hilo alinifundisha mwenyewe mwaka wa kwanza. Kuna kitu ndani ya tofali kilikuwa kinalila. Nikalitoa la juu niliweke kando, na nilipoliinua kwa vidole viwili, jinsi nilivyoinua maelfu, vidole viliniambia kabla ya kichwa. Lilikuwa zito. Si zito sana, lakini si mkate. Nikalipeleka mizanini. Lilikuwa limezidi uzito wa asubuhi.

Na pale mizanini, nikiwa nimeinama, pua ikapata harufu. Tofali lilinuka maharagwe.

Nimewahi kuanguka kutoka kwenye jukwaa la tanuri nikavunja mbavu, na haikuuma kama dakika ile. Nilielewa yote kwa mkupuo. Nimepunguza joto la kabati, matofali yakapoa, mvuke wa makopo sita na sufuria isiyofungika ukapanda, na vile vitundu tulivyovitengeneza kwa ustadi vikaunywa. Tofali lenye maji linapitisha joto, ndizo zile hatua za digrii sita. Maji yakipata moto yanaanza kugeuka mvuke, na kazi hiyo inakula joto jingi, ndizo zile nne na tatu. Nilipima mara tatu, kweli. Nilipima mchuzi mara tatu.

Bi Rukia alikuwa bado hajajua. Alikuwa akiandika. Ningeweza kusema dirisha liliingiza mvua. Mtu asiye na cheti akigeuza kabati la vipimo kuwa jiko, hata barua haandikiwi, anaonyeshwa geti. Watoto wangu wanne walikuwa shule. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho, na barua ya Odera ilikuwa tayari.

Nikamwambia. Sikuremba. Nilisema tangu Jumatatu kabati limekuwa likipasha chakula, wazo ni langu, na sufuria ni yangu.

Alifunga daftari taratibu. "Umekula maharagwe ya gharama sana," akasema. Halafu, "Twende kwa Meneja. Utasema wewe, si mimi."

Nilisema mbele ya Meneja na mbele ya Odera, ambaye aliitwa kutoka tanurini na moshi wake. Meneja alitaka kunifukuza hapohapo, na alikuwa na haki. Bi Rukia akamwambia jambo moja: kwamba kosa la kabati limefanyika chini ya usimamizi wake, kwa hiyo barua ikiandikwa iandikwe mbili, moja ya Wafula na moja yake. Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma namba kwenye mita. Meneja akaichukua kalamu, akaitazama, akairudisha mezani.

Ijumaa, badala ya kufukuza, tulipima. Matofali yalikaushwa toka Alhamisi ile, yakapimwa uzito mara nne, na kabati likafungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake alikuwa nao Odera mwenyewe. Bi Rukia ndiye aliyetaka iwe hivyo. Odera alivua viatu, akaingia, akasimama nyuma yangu. Nikasoma. Kumi. Kumi. Kumi. Kumi. Mpaka dakika ya ishirini na moja, mstari umenyooka kama reli. Lilikuwa moja ya makundi bora niliyowahi kupima, na jicho lile lilikuwa limeyaona yote kwenye rangi.

Hakusema "nilikwambia." Aliinama, akalinusa tofali, akasema, "Hili halina chumvi," akatoka. Chumba kizima kilicheka isipokuwa mimi.

Adhabu niliipata. Mshahara wa wiki mbili ulikatwa. Bi Rukia aliniagiza niandike kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, kibao cha mlango wa kabati: HAPA MATOFALI TU. PIMA UZITO KABLA NA BAADA. Neno "baada" ndilo jipya. Awali sharti lilikuwa kabla tu. Ile karatasi yenye mstari mbovu nilitaka kuichana, akanikataza. Akaibandika kwenye daftari la kazi, na chini yake akaweka sahihi yake pamoja na yangu, ili kila atakayefundishwa aanze na huo ukurasa. Kisha akachukua matofali yaliyokatika, akanijengesha kisanduku pembeni mwa tanuri namba moja cha kupasha chakula, akaniambia nipime githeri inachukua muda gani kupata moto. Dakika thelathini na tano. Niliziandika pia.

Baada ya hapo nilikaa kwenye kazi miaka mingi. Mita za sindano ziliondoka, zikaja za namba. Halafu ikaja kompyuta inayochora mstari yenyewe huku wewe umekaa. Nilijifunza hiyo nayo, kwa ubishi. Bi Rukia alistaafu kabla yangu, na aliyemfuata alinikuta na kibao changu, akakiacha. Kwa vijana wa kompyuta nina neno moja la kazi. Mashine itawachorea mstari mzuri wa tofali lenye mchuzi. Mstari ukilegea, usiuache kwa sababu una jina la kuupa. Uliza joto limeenda wapi, na usiondoke mezani mpaka uoneshwe.

Siku hizi nakaa Tassia kwa binti yangu, ghorofa ya tatu. Mbele kidogo barabarani lipo lile tanuri la mikate, na asubuhi nikipita naweka kiganja kwenye ukuta wake wa nje. Mwenye duka ananiona mzee wa ajabu. Ukuta ni baridi, na ndani mikate inaiva.

Siku yangu ya kustaafu walinipa hotuba, blanketi na keki. Odera alikuwa amestaafu zamani, lakini alikuja kutoka Kaloleni kwa fimbo, na mkononi kopo lake la zamani la chakula, lile lililokuwa miongoni mwa sita. Akaliweka mbele yangu juu ya meza ya keki. Watu walishaanza kucheka, wakijua utani wetu. Akaniambia nifungue.

Ndani kulikuwa na kipande cha tofali, kikavu, chepesi, na muhuri wa arobaini na moja ubavuni.

"Nilikivunja Jumatano ile, nilipotoka mlangoni kwako," akasema. "Nilijua Ijumaa naondoka. Nikakificha nikatafute mtu mwingine wa kunipimia."

Nikamuuliza kama alimpata huyo mtu.

"Sikumtafuta," akasema. "Ulinipimia wewe."

Kiko kwenye rafu yangu sasa, juu ya redio. Binti yangu hukipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Nimemkataza cha maji.